Bonge la udongo wa Kongwa

(Haya ni maneno niliyowaambia vijana waliomaliza mafunzo ya kilimo hapa Dodoma. Wengi waliniomba niyaandike, nimeyaacha yalivyotoka mdomoni, nimesahihisha kidogo tu.)

Mbukwenyi! Wazee wangu shikamooni. Na nyie wanangu mliomaliza leo hongereni sana, najua mlivyohangaika mpaka kufika hapa.

Mada niliyopewa ni umuhimu wa kujifunza kutokana na historia, na najua neno historia likitajwa wengi mnakumbuka darasani, tarehe za kukariri, mkutano wa Berlin mwaka gani, nani alimpiga nani, mtihani ukiisha na kichwa kinafutwa. Mimi sikuja na hiyo. Nimefanya kazi ya ubwana shamba zaidi ya miaka 30 kabla sijastaafu, na historia ninayoijua mimi ni ile inayokaa chini ya miguu yako pale unapotaka kupanda kitu.

Kwaiyo nimekuja na hili bonge. Limetoka shambani kwa mtu, Kongwa, ni udongo mwekundu wa kawaida kabisa, sio jiwe, sio tofali, hakuna mtu aliyeuchoma. Ni jua tu. Wewe kijana wa mbele hapo shika, jaribu kulivunja kwa mkono, ukishindwa mpe jirani yako, liende hivyo hivyo mpaka nyuma, mimi naendelea kuongea.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 1946 Waingereza wametoka vitani, wameshinda lakini wana njaa ya mafuta, namaanisha mafuta ya kula, siagi hakuna, mafuta ya kupikia ni kwa mgao, familia inapimiwa. Akatokea bwana mmoja, Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, akasema mbona Afrika Mashariki kuna ardhi tupu kibao, tulime karanga kwa mashine, tukamue mafuta, tatizo kwisha. Serikali ya Waziri Mkuu wao, Attlee, ikalipenda wazo, na Waziri wa Chakula, John Strachey, akalibeba. Wakatuma timu ya watu watatu ikiongozwa na John Wakefield, ambaye alishawahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa hapa Tanganyika, timu ikazunguka wiki tisa, sehemu kubwa ya safari ikiwa kwa ndege, wakaandika ripoti. Wiki tisa jamani. Ripoti ikasema zisafishwe eka zaidi ya milioni 3, kwa miaka sita, kwa pauni kama milioni 25, nyingi ziwe Tanganyika: Kongwa, Urambo, na Kusini huko Nachingwea. Ukitaka kujua eka milioni 3 ni nini, chukua wilaya nzima ya Kongwa ya leo, milima yake, barabara zake, vijiji vyake vyote, alafu izidishe mara tatu.

Wakaanza na Kongwa, mwanzoni mwa 1947. Kwa nini Kongwa? Kwa sababu ilionekana tupu. Hapa ndo naomba mtulie kidogo, maana kwangu mimi kosa lote liko hapa, mengine yalikuja baadaye yakalifuata hili tu. Mtu anapita juu na ndege anaona pori, haoni nyumba nyingi, haoni mashamba makubwa, anaandika "ardhi haitumiki". Hajiulizi mbona haitumiki. Wagogo wapo hapa miaka na miaka, wana ng'ombe, wana majembe, wana watoto wa kulisha, inakuwaje waache ardhi nzuri namna hiyo imekaa tu? Ardhi ikikaa tupu katikati ya watu wenye njaa ujue ina sababu. Na sababu walikuwa nazo, wangeulizwa wangesema: maji hakuna, mvua ya pale inakuja ikijisikia, na udongo ukikauka jembe linarudi.

Na isitoshe, jambo hili lilikuwa na jina. Ugogo kila njaa kubwa ina jina lake, na wazee waliokuwa hai mwaka 1947 walikuwa wameiona kwa macho yao ile iliyoitwa Mtunya. Ile ilianza 1917 ikaenda mpaka 1920. Vita vya kwanza vya dunia vimepita hapa, Mjerumani amechukua ng'ombe, amechukua nafaka, amechukua wanaume wakabebe mizigo, Mwingereza ameingia Dodoma mwezi wa saba 1916 naye anachukua hivyo hivyo, alafu mvua ikakata. Watu walikufa kwa maelfu. Familia ziliweka watoto wao kwa watu wengine ili wapate kula. Sasa huyo Mwingereza aliyekuja na karanga mwaka 1947 ni yule yule aliyekuwa anatawala hapa wakati Mtunya inaua watu! Sio mgeni, miaka haijafika hata 30. Mtu wa miaka 45 Kongwa angekaa naye chini ya mbuyu jioni moja tu angemsimulia mvua ya Ugogo ilivyo. Jioni moja, hata wiki tisa zisingehitajika.

Mvua ya Dodoma mnaijua, wastani ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Lakini wastani unadanganya watu. Mwaka mmoja inanyesha yote wiki mbili inabomoa madaraja, mwaka mwingine inagoma kabisa, ukijumlisha ukagawa unapata namba nzuri sana ya kuweka kwenye ripoti. Mzee wa Kigogo hakai na wastani, anakaa na miaka, mwaka huu ulikuwa hivi, ule ulikuwa vile, ndo maana alikuwa na shamba bondeni na lingine juu, analima uwele na mtama, na ng'ombe wake hawakai wote zizi moja, wengine amewakabidhi kwa rafiki yake mbali kule, ili ukame au ugonjwa ukipiga hapa kule wabaki. Hiyo yote ni historia imegeuzwa kuwa utaratibu wa maisha. Haijaandikwa popote, lakini inafanya kazi.

Haya, mashine zikaja. Dunia imetoka vitani mashine mpya hakuna, wakanunua matrekta na mabuldoza ya mitumba yaliyoachwa na jeshi, mengine yametoka mpaka Ufilipino, yamekaa kwenye unyevu yameoza, yanafika bandari ya Dar yanapandishwa kwenye reli moja ile ile, yanafika Kongwa yanafanya kazi wiki chache yanalala. Spea hakuna. Wakachukua mpaka vifaru vya vita, Sherman, kiwanda cha Vickers Uingereza kikavigeuza kuwa matrekta. Kung'oa vichaka walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya mabuldoza mawili, yanatembea sambamba, mnyororo unaburuta kila kitu kilichopo katikati. Fikirieni mnyororo wa nanga ya meli, huku Kongwa, bahari iko wapi! Juu miti inalala kweli, lakini chini mizizi inabaki, na mizizi ya vichaka vya Ugogo imeshikana kama kamba, ndo ikawa inavunja majembe ya matrekta.

Mwaka ule wa kwanza walipanga kusafisha eka 150,000. Walipata kama 7,500.

Na hapa naomba niwaambie kitu kuhusu karanga yenyewe maana nyie ni watu wa kilimo mtanielewa haraka. Karanga ikishatoa ua, ua likishachavushwa, kikonyo kinarefuka kinainama chini kinachimba udongo, alafu karanga inakua huko chini gizani. Kwaiyo karanga inahitaji udongo laini mara mbili: kikonyo kinapoingia, na wewe unapokuja kung'oa. Sasa lile bonge limefika wapi? Mstari wa nne. Limevunjika? Halijavunjika. Basi fikirieni mvua imekata mwezi wa tatu, kikonyo laini kama mrija wa soda kinataka kupenya kwenye kitu hicho. Na zile zilizobahatika kuingia, muda wa kuvuna udongo umeshakuwa hivyo, ukivuta unabaki na majani mkononi, karanga ziko chini zimefungiwa. Na mchanga uliomo kwenye udongo ule unakula chuma, majembe yanaisha kama yamepigwa msasa.

Bibi yangu mzaa baba hakuwahi kuingia darasani lakini alikuwa na shamba la karanga, dogo, kama nusu eka, akilipanda sehemu moja tu, pale mchanga ulipo mwingi karibu na korongo. Mtu wa kumwambia apande kwingine hakuwepo, angemcheka.

Basi mambo yakaenda yakiharibika. Septemba 1947 makuli wa bandari Dar wakagoma, mgomo ukapanda na reli mpaka bara, Kongwa nayo ikaguswa. Wakabadilisha uongozi, akawekwa mwanajeshi, Meja Jenerali Harrison. 1949 ukame. Wakajaribu na alizeti, nayo ikapigwa na ukame. Na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza basi, imeacha, na hesabu ya hasara ilikuwa pauni milioni 36 na kitu. Mtwara ilibaki na bandari iliyojengwa kwa ajili ya mradi, hiyo mpaka leo inatusaidia, reli ya Kusini iliyojengwa nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Kongwa yalibaki majengo na ranchi. Na hapo pana jambo huwa linanigusa sana, kwamba mwaka 1964 na kuendelea wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA, walipewa kambi Kongwa, na baadhi ya majengo waliyoanzia ni yale yale yaliyoachwa na mradi wa karanga. Mwingereza alijenga kwa ajili ya siagi yake, wakaja kulala humo watu wanaojiandaa kuwakomboa ndugu zao. Ukipita Kongwa usipite tu wanangu, simama.

Sasa nirudi kwenye mada. Mtu atasema, aah mzee, hao ni wakoloni, hawakujua, walikuwa na dharau, sisi ni wenyeji hatuwezi kufanya hivyo. Ningependa sana iwe hivyo. Lakini tumefanya. Tumepata uhuru 1961, miaka kumi tu tangu Kongwa ifungwe, na kitu cha kwanza tulichofanya kwenye kilimo, kwa ushauri wa wataalamu kutoka nje, ni kuanzisha makazi ya vijiji ya mfano, matrekta, nyumba, mkopo mkubwa, wakulima wachache wanaletwa wanawekwa. Gharama ikawa kubwa kuliko kinachovunwa. Mwaka 1966 Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, akatangaza hakutaanzishwa mengine. Alafu ikaja Operesheni, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji, hapa Dodoma tulitangulia, tulianza mapema kuliko wengi, 1970 na 71, alafu nchi nzima 1974. Nia ilikuwa njema, mimi naiamini mpaka leo, shule zilikuja, zahanati zilikuja, mimi mwenyewe nimesoma kwa sababu ya kijiji. Lakini watu waliokuwa wamekaa wametawanyika walikuwa wametawanyika kwa sababu, si ujinga. Mahame yale walikotolewa yalikuwa na samadi ya ng'ombe ya miaka mingi, yalikuwa yamechaguliwa kwa kufuata maji na udongo. Wakaja kupangwa kwenye mstari kando ya barabara. Ikagongana na ukame wa 1973 na 74, nchi ikaagiza chakula kwa wingi kutoka nje. Huwezi kusema ni vijiji tu, huwezi kusema ni ukame tu, vilikutana. Na pale Basotu, Hanang, yale mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, eka kama laki moja za malisho ya Wabarabaig, ni swali lile lile limerukwa: hii ardhi mbona ni "tupu"? Haikuwa tupu. Ilikuwa inapumzishwa, mifugo inazunguka inarudi msimu wake.

Naona wengine mnaangaliana. Msidhani nasema wengine tu walikosea. Mimi pia.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, kijana kama nyie, nina pikipiki ya serikali, nimepangiwa vijiji upande wa Mpwapwa. Tulikuwa na mbegu za mahindi za kugawa na tuna malengo, eka ngapi za mahindi kila kijiji, unaandika unapeleka ofisini. Kulikuwa na bibi mmoja, mjane, nikamwambia mama mwaka huu achana na mtama, mtama ni chakula cha ndege, panda mahindi, mbegu hii hapa bure. Akanitazama akasema, "Mwanangu, mvua ya hapa huwa inaondoka Februari, inakwenda inarudi." Nikamjibu kwamba mbegu hii ni ya kisasa. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu, mbegu ni ya kisasa.

Akapanda. Lakini alipanda mahindi ile sehemu inayoangalia barabara, ambayo mimi nikipita na pikipiki nitaiona, na nyuma ya nyumba akapanda mtama wake kimyakimya. Februari mvua ikaondoka. Wiki tatu, nakumbuka, wiki tatu jua kali, na mahindi yalikuwa ndo yanatoa mbelewele na ndevu, na nyie mmesoma, mahindi yakikosa maji wiki hizo basi, hata ije mvua ya gharika baadaye unavuna magunzi. Mtama wenyewe ulijikunja majani ukatulia kama umelala. Mvua iliporudi Machi ukaamka. Ule mwezi wa sita nilipopita nilikuta mabua ya mahindi ya bibi yamekaa kama kuni, nikashindwa kushuka kwenye pikipiki kwa aibu, akaniita yeye. Alinipa ugali wa mtama na mlenda. Hakunisema. Mimi ndo nikamuuliza, mama ulijuaje kuhusu Februari? Akaanza kunihesabia, na alihesabu kwa watoto, mwaka aliozaliwa huyu mvua ilikata Februari, mwaka aliozaliwa yule iliendelea, mwaka tuliomzika baba yao ilikata, mwaka aliozaliwa wa mwisho ilikata mapema zaidi. Alinipa miaka karibu 20 pale jikoni. Nyie leo mnaita data. Majirani zake ambao walinisikiliza vizuri zaidi yake, wale watiifu, ndo walioomba chakula mwaka ule. Sijalisahau hilo na sitaki kulisahau.

Kwaiyo nikisema mjifunze historia sisemi mkariri. Historia ni kumuuliza aliyekutangulia hapo hapo unapotaka kusimama. Kabla hujaandika mchanganuo, kabla hujaomba mkopo, kabla hujachimba kisima, uliza hapa palikuwa na nini, nani alijaribu, alianza vizuri akaharibikiwa wapi. Mnapenda kugugo na ni sawa, gugoni, lakini korongo la nyuma ya kijiji halipo huko. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji akuonyeshe wazee, nenda na sukari kilo moja usiende mikono mitupu, kaa chini, usitoe daftari siku ya kwanza. Uliza na wanawake peke yao maana mwanaume atakusimulia ng'ombe na mpaka wa shamba, mama atakusimulia mwaka gani watoto walilala njaa na walikula nini, na hicho ndo unachokitafuta.

Na muwe waangalifu na jambo jingine, historia inaweza kufundishwa vibaya. Nimewasikia watu wasomi kabisa wakisema somo la Kongwa ni kwamba karanga hazistawi Kongwa. Si kweli! Watu wanalima karanga Kongwa leo, vipande vidogo, wanachagua udongo, wanapanda mvua za kwanza, wanang'oa kabla udongo haujakaza, hapo na alizeti ipo, na Kibaigwa kuna soko la mahindi ambalo malori yanatoka mbali kulifuata. Wengine wanasema somo ni kwamba trekta ni baya. Si kweli, trekta halina kosa. Na hata wale Waingereza msidhani hawakuwa na historia, walikuwa nayo, tatizo walichukua ya kitu kingine. Walikuwa wametoka kushinda vita, wamevusha majeshi bahari nzima, wakaona tukipeleka mashine nyingi na wanaume wengi na amri moja, shamba nalo litatii. Lakini udongo haushindwi vita. Ukichukua funzo la mahali pengine ukalibandika hapa bila kupima, hilo ni baya kuliko kutojua kabisa, kwa sababu asiyejua angalau anauliza.

Nimalizie na kitu kinachonipa moyo maana sitaki mtoke hapa mmenuna. Kuna kazi inaendelea sasa hivi Dodoma hii hii, Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, wengi mmeiona, inaitwa Kisiki Hai. Huhitaji kitalu, huhitaji kununua miche. Unatafuta shambani kwako kisiki ambacho mti ulikatwa lakini mizizi bado iko hai, kinachipua chipua kila mwaka na ng'ombe anakula kila mwaka. Unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, mengine unapogolea, unafunga kitambaa cha rangi ili kila mtu ajue huu mti una mwenyewe, unaulinda. Basi. Miaka michache una mti mrefu kuliko wewe, kwa sababu mizizi ilikuwa chini muda wote inasubiri, imeshafika kwenye maji.

Nilikwenda kutazama mwaka juzi, shamba la mama mmoja, ana visiki kama 30 vimefungwa vitambaa vya kila namna, kipande cha kanga, kipande cha sare ya shule ya mtoto. Nikainama nikagusa mzizi mmoja uliotokeza juu ya ardhi, mgumu, mnene kama mkono wangu, nikawaza mnyororo wa nanga ya meli. Ile ile mizizi iliyokuwa inavunja majembe yao, ndo leo tunaitafuta kwa tochi. Nikamuuliza mama nani alikufundisha, akasema walikuja wataalamu wakatufundisha, lakini mama mkwe wangu aliposikia alisema hii si ndo tulikuwa tunafanya zamani kwenye malisho, kabla hamjaanza kukata mkaa.

Wanangu, Jumatatu wengine mnaripoti kwenye vijiji ambavyo hamjawahi kuvikanyaga, wengine mnaenda kwenye mashamba ya pamoja ya vijana, mna visima, mna mbegu, mna matrekta ya kukodi, mna simu inayokwambia mvua ya kesho. Mna vitu vingi kuliko nilivyokuwa navyo mimi na ile pikipiki. Nina ombi moja tu, wiki ya kwanza msipande kitu. Ulizeni jina la mwaka mbaya kuliko yote ambao kijiji hicho kinaukumbuka, na mkishaambiwa jina, ulizeni waliopona walipona kwa kula nini na kilitoka shamba lipi, alafu ombeni mkaonyeshwe hilo shamba kwa miguu.

Bonge limefika wapi? Nyuma kabisa. Watu 100 na zaidi wamelibana na bado zima. Lirudisheni hapa mbele. Kijana lete hiyo ndoo ya maji, liweke ndani, msogee wote mtazame linavyofanya likilowa, maswali nitayajibu tukiwa tumelizunguka.